Majora Matatu ya Buluu

Katika karakana ile walimwita Redio. Jina alipewa na mwanamke wa vifungo, ambaye kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kusema watu, na zote mbili alizifanya bila kuinua uso. "Redio, leo umeshika stesheni gani?" angeuliza asubuhi, sindano imebanwa midomoni, na safu nzima ya cherehani ingeangua kicheko. Redio naye alicheka. Alikwisha jifunza kwamba mtu mwenye historia kama yake asipocheka wanasema ameanza, na akicheka sana wanasema ameanza. Kwa hiyo alikuwa na kicheko chake cha kipimo, kama kijiko cha dawa: anakitoa, kinatosha, anakirudisha.

Alikuwa mkataji. Meza yake ilikuwa ndefu kuliko chumba alicholala, na mkasi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba wanaume waliokuja kupima suruali waliomba waunyanyue kwa mzaha, wakaurudisha haraka. Nyumbani kwao visu vilikaa kwenye kopo la unga, juu kabisa ya kabati, na mama yake alivihesabu kila baada ya chakula akijifanya anapanga vyombo. Miaka tisa. Mchana binti alikata matabaka arobaini ya kitambaa kwa pigo moja lisilotetereka. Jioni alikatiwa nyanya kama mtoto.

Ugonjwa ulimjia akiwa na miaka ishirini na miwili, na ulianzia kwenye rangi. Aliona kwamba watu waliovaa nyekundu wametumwa. Siku ya kwanza alikuwa mmoja, mwenye kofia, aliyesimama ng'ambo ya barabara. Siku ya nne walikuwa kila mahali, na siku ya sita wakaanza kusema, wakisemea ndani ya ukuta, wakimtaja kwa jina lake la nyumbani. Dada yake mkubwa ndiye aliyegundua. Hakupiga kelele, hakumwita jirani. Siku ya kumi na moja alimvalisha viatu, akavifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka hospitali. Daktari alipomaliza kuuliza maswali aliwaambia, "Mmewahi. Wengi huletwa wakiwa wamekwisha haribikiwa na kila kitu. Nyinyi mmewahi."

Neno hilo likawa mali ya familia. Mama alilitoa mbele ya wageni kama mtu anayetoa vikombe vizuri. "Huyu tulimuwahi," angesema, na mgeni angemtazama binti, angetazama mikono yake, kisha angesogeza kiti kidogo.

Na kweli walimuwahi. Sauti zilizima ndani ya mwezi wa pili. Ilichukua mwaka mzima wa kujaribu kupata dawa isiyomtetemesha mikono, kwa sababu mkataji mwenye mikono inayotetemeka ni sawa na dereva kipofu. Lakini ilipatikana, kidonge kimoja cha jioni, kidogo kama punje ya mtama. Alilala. Aliamka. Alifika kazini kabla ya wengine akafungua madirisha. Mwanamume mmoja aliyetengeneza cherehani alimpenda kwa miezi minane, mpaka mama wa mwanamume yule alipopashwa habari, mwanawe akaacha kuja hata cherehani zilipoharibika. Wakaletewa fundi mwingine. Hilo pia alilipitia bila kuugua. Muuguzi wa kliniki aliandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri sana.

Muuguzi huyo ndiye aliyempa kanuni ya kuishi nayo. "Ukiona kitu, au ukisikia kitu, ukaingiwa na shaka, muulize mtu mmoja unayemwamini. Mmoja tu, usizunguke mtaa mzima. Akikuambia kipo, kipo. Akikuambia hakipo, hakipo, hata kama macho yako yanakuapia."

Alimchagua dada yake. Nani mwingine?

"Dada, yule mama mwenye blauzi nyekundu ananitazama?"

"Anakutazama. Una mabaki ya uji kidevuni."

"Dada, hicho ni kinanda?"

"Ni kinanda, na anayekipiga hajui. Vumilia."

Hakuwahi kumcheka kwa kuuliza, wala kumwambia amechoka na maswali. Katika miaka tisa alimjibu pengine mara elfu moja, na mara elfu moja alimwambia kweli, ikiwamo zile mara chache ambazo alilazimika kusema kwa sauti ya chini, "Hapana, mdogo wangu. Hakuna mtu." Ulimwengu wa Redio ulisimama juu ya majibu hayo jinsi nyumba inavyosimama juu ya msingi.

Walifanya kazi pamoja. Dada alikuwa msimamizi wa cherehani: ndiye aliyegawa kazi, ndiye aliyekagua mishono, ndiye aliyejibu mwenye karakana akiita. Mwenye karakana hakuwa na umri wa kuitwa Mzee lakini aliitwa Mzee, na alikaa nyuma ya kioo kilichomwezesha kuona kila mgongo ulioinama. Mwaka huo alikuwa anafungua karakana ya pili, upande wa pili wa mji, na alikuwa amemwambia dada, mlango ukiwa umefungwa: oda ya hoteli ikitoka Ijumaa bila doa, ile karakana ni yako.

Oda ya hoteli ilikuwa makoti mia tatu ya buluu nzito kwa ajili ya wafanyakazi wote, kuanzia mpokea wageni hadi mbeba mizigo. Vilikuja vitambaa majora kumi na mawili.

Kuna jambo ambalo mkataji yeyote analijua hata akiwa usingizini. Kiwandani kitambaa hutiwa rangi pipa kwa pipa, na hakuna mapipa mawili yanayotoa rangi moja hasa. Ndiyo maana kila jora huja na kikaratasi chenye namba ya pipa lake, na ndiyo maana vipande vikishakatwa huandikwa namba kwa chaki upande wa ndani, kimoja kimoja, ili mgongo wa jora hili usikutane na mkono wa jora lile. Ni kazi ya siku nzima, ya kuchosha, isiyoonekana. Ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba ilifanywa.

Majora matatu hayakuwa na vikaratasi. Redio aliyafungua moja moja karibu na dirisha, akasimama. Ilikuwa buluu. Lakini ndani ya buluu hiyo, mbali sana, kulikuwa na wekundu, kama damu inavyoonekana chini ya ukucha.

Akafumba macho, akafumbua. Wekundu ulikuwepo. Kati ya rangi zote duniani, nyekundu. Akafanya kama alivyofundishwa.

"Dada, njoo mara moja."

"Nimebanwa, mdogo wangu. Nini?"

"Haya matatu. Yana wekundu. Unauona?"

Dada alichukua ncha ya kitambaa, akaileta kwenye mwanga. Akachukua ncha ya jora jingine, akaziweka pamoja. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama saa ya ukutani, kisha kioo, na nyuma ya kioo Mzee alikuwa amesimama na simu sikioni, akimwonyesha vidole viwili: siku mbili.

"Sioni kitu," alisema.

"Tazama hapa kwenye mkunjo..."

"Nimetazama. Ni buluu. Yote ni buluu tupu. Umemeza dawa yako jana?"

"Nimemeza."

"Una hakika?"

"Mama alinisimamia."

"Basi kata. Na tusipoteze siku kuandika namba, vyote ni kitu kimoja. Panga matabaka, kata."

Mwanamke wa vifungo alikuwa amesikia, bila shaka. "Jamani, Redio imekamata nyekundu!" alisema. "Ongezeni sauti, tusikie taarifa ya habari!" Cherehani zikasimama kwa kicheko, kisha zikaendelea.

Redio alipanga matabaka, buluu juu ya buluu, na kila alipofika kwenye yale matatu aliona wekundu ukipita chini ya viganja vyake, naye akajiambia kimoyomoyo: hakipo. Alikata makoti mia tatu. Hakupinda hata unyuzi. Vipande vikachanganywa kwenye vikapu, vikagawanywa, vikashonwa, na Ijumaa saa tisa gari la hoteli likaondoka likiwa limejaa.

Jumatatu yake alikwenda kliniki peke yake. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo muuguzi alilosifu baadaye. Alikaa kwenye kiti akasema, "Imerudi. Naona nyekundu."

Walimpigia dada simu, akaja, maana kliniki ile humsikiliza mgonjwa kisha humsikiliza wa kwake. Muuguzi akamuuliza: huo wekundu, hakuna mwingine aliyeuona? Dada alikuwa ameweka mkoba mapajani na ameukumbatia. Angeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa umefungwa na walikuwa watatu tu.

"Hakuna," alisema. "Karakana nzima."

Muuguzi akaandika. Redio aliweza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini, ujuzi wa mtu aliyekaa mbele ya meza nyingi. Anaona rangi isiyokuwepo. Anasisitiza. Daktari akaongeza dawa maradufu.

Ndani ya siku tisa mikono ilianza. Kwanza kidole gumba, kisha vyote. Chai ilimwagika kwenye sahani, kisha kwenye nguo. Usingizi ulimjia kama mtu anayemkalia kifuani. Ulimi ukawa mnene, na mama akaanza kumjibia maswali kabla hajamaliza kusikia swali lenyewe. Mkasi alikabidhiwa kijana mmoja wa kupiga pasi, aliyekata kama anayepasua kuni. Mwanamke wa vifungo alituma salamu: mwambieni Redio tumekosa muziki.

Wiki ya tatu, saa saba mchana, dada alirudi nyumbani wakati ambao hajawahi kurudi. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mdogo wake. Alikuwa na koti moja la buluu mkononi.

Hoteli ilikuwa imefunguliwa juzi. Wafanyakazi wote walipangwa kwenye ngazi za nje, juani, wapigwe picha ya pamoja. Jua la saa nne halina adabu kama taa za karakana. Mgongo buluu, mkono wa kushoto wa zambarau. Kola ya zambarau, mgongo buluu. Nusu ya watu pale kwenye ngazi walionekana wamevaa mikono ya watu wengine. Mpiga picha alicheka kwa sauti. Makoti mia tatu yote yalikuwa yamerudishwa, na Mzee anataka kujua ni nani.

Redio aliketi polepole. Alishika koti kwa mikono yake inayotetemeka, akalisogeza dirishani, akaona. Alipitisha kidole kwenye mshono wa bega, pale rangi mbili zilipokutana.

"Na wewe unaona?" aliuliza hatimaye.

"Kila mtu anaona."

"Siku ile, je?"

Dada alikuwa anatazama sakafu. "Niliona," alisema.

Hapo nje mtu alikuwa anapiga nyundo, na kila pigo lilifika chumbani likiwa zima. Redio alingoja kitu kiinuke ndani yake, hasira au kilio, lakini dawa ilikuwa imeweka kifuniko juu ya vyote viwili. Alichohisi ni kama mtu anayesimama akakuta sakafu imeshuka kidogo, si nyingi, inchi moja tu, chumba kizima.

"Ulikuja mpaka kliniki," alisema.

"Ningesema nini tena? Nilikuwa nimeshasema. Mdogo wangu, nisikilize. Mzee ananiita kesho. Mimi nikitajwa, nimekwisha, si karakana ile mpya tu, hata hii. Nina watoto watatu. Wewe..." Akasita, kisha akalisema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. "Wewe una faili. Ukisema ulichanganya wewe, hakuna atakayekulaumu. Watasema ni ugonjwa. Ugonjwa haufukuzwi kazi, unapewa pole."

"Unataka niseme nilikuwa mgonjwa."

"Ulikuwa unaumwa, wewe mwenyewe ulikwenda ukawaambia!"

"Nilikwenda kwa sababu yako."

Mama alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Hawakujua amesimama hapo tangu lini. "Mwanangu," alimwambia Redio, "ni neno moja tu. Dada yako amekubeba miaka tisa. Mbebe siku moja."

Redio aliitazama mikono yake juu ya koti. Ilikuwa inacheza yenyewe, kama ya mtu mwingine. Dada aliiona naye, na kwa kuwa alikuwa msimamizi mzuri alijua pa kushika.

"Ukimwambia hivyo Mzee," alisema, "Jumatatu nakwenda nawe kliniki. Nitawaambia umetulia, huoni tena kitu. Watapunguza dawa. Si unajua mimi ndiye wanayemsikiliza? Mikono itarudi. Utarudi kwenye meza yako, nitakuombea kwa Mzee mimi mwenyewe."

"Na nisiposema?"

Dada alichukua koti akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, kama linalokwenda dukani.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Ili aandikwe mzima, ilimpasa kwanza aape kwamba alikuwa mwenda wazimu siku ambayo katika karakana nzima hakukuwa na macho mazima kuliko yake. Alilala na jambo hilo usiku mmoja, usingizi wa dawa usio na ndoto, na asubuhi akavaa viatu.

Ofisini Mzee hakumpa kiti. Alikuwa ametandaza makoti mawili mezani na mbele yake kulikuwa na barua ya hoteli.

"Haya, binti. Nasikia una la kusema."

Kupitia kioo aliona migongo yote imeinama na hakuna cherehani hata moja inayolia. Dada alikuwa amesimama karibu naye kiasi kwamba mikono yao ilikaribia kugusana.

"Nilichanganya mimi," Redio alisema.

"Hukuona kama rangi si moja?"

"Sikuwa naona vizuri siku hizo, Mzee. Nilikuwa naumwa."

Mzee alipumua kama mtu aliyeondolewa jiwe kiatuni. Kosa limepata mwenyewe, na mwenyewe hana gharama. Hakufoka. Alimwambia hakuna ubaya, maradhi hayachagui, aende nyumbani akapumzike, akipata nafuu watamtafutia kitu chepesi. Kukata, hapana, aelewe mwenyewe. Wateja wakisikia nani ameshika mkasi, ataweka wapi uso wake? Kisha akamgeukia dada na kumwambia aanze kupanga watu wa kumfuata kule karakana mpya.

Redio alipotoka, mwanamke wa vifungo aliinua uso kutoka kwenye kazi yake. "Pole, mwenzetu," alisema. Hakumwita Redio, na hakuna mtu aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Redio kumwogopa.

Dada alitimiza ahadi, hilo lazima lisemwe. Jumatatu walikaa tena mbele ya meza ileile na dada alieleza vizuri, kwa utulivu, jinsi mdogo wake alivyobadilika: haoni tena wekundu, na zaidi ya hapo amekubali mbele ya bosi wake kwamba kosa la kazini lilikuwa lake na lilitokana na maradhi.

Muuguzi akaweka kalamu chini. Macho yake yaling'aa kwa furaha isiyo na hila. "Unajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani?" alimwambia Redio. "Wengi hawafiki hapo. Mtu kujitambua kwamba kilichokuwa kichwani mwake hakikuwa kweli, hiyo ndiyo nusu ya kupona." Akachukua kalamu, akaandika, na Redio akasoma kichwa chini: Anajitambua. Amekubali kosa. Msaada wa familia ni mzuri sana.

Kisha, kwa kuwa utaratibu wa kliniki ulidai hivyo, alimwomba dada atoke nje kidogo.

Walibaki wawili. "Kuna jambo lolote ungependa kuniambia bila dada yako kuwepo?"

Redio alilitazama swali hilo jinsi alivyotazama kitambaa, upande wa juu na upande wa ndani. Angesema: wekundu ulikuwepo. Angesema: dada alikuwa anauona. Na kalamu ingeshuka kwenye karatasi, na ingeandika neno lile lile ililoandika mara ya kwanza, anasisitiza, na vidonge vingebaki viwili, na mikono hii ingekuwa mikono yake mpaka uzee.

"Hapana," alisema.

"Na mtu wako wa kumuuliza ukiingiwa na shaka, tuendelee na dada?"

"Endelea naye."

Dada alikuwa anangoja kwenye benchi la nje, roho juu. Alisimama haraka. "Umemwambia nini?"

"Amependa kujua nani ninayemwamini. Nimetaja jina lako."

Dada akamkumbatia pale pale, mbele ya watu, akalia kidogo begani kwake, akasema Mungu akubariki, mdogo wangu. Redio akamwacha alie. Aliutazama ukuta juu ya kichwa cha dada yake mpaka kilio kilipokwisha.

Dawa ilirudishwa kuwa kidonge kimoja, na wiki ya sita mikono ilitulia. Hakuna aliyemwita kukata. Sasa anashona marekebisho nyumbani, pindo za majirani na zipu, kwa mkasi mdogo ambao mama anampa na kuupokea. Dada anaongoza karakana ya pili na anasifiwa. Wakikaa mezani wanazungumza vizuri, hata wanataniana, na dada hajatambua kwamba hajaulizwa swali hata moja tangu siku ile. Mlango ukigongwa, Redio huacha kazi, huinuka, huenda mwenyewe kufungua. Mara nyingi kuna mtu. Mara nyingine hakuna, na hapo husimama kizingitini kwa muda akitazama barabara huku na huku, kisha hufunga mlango, na wakimuuliza ni nani, huwaambia ni upepo.